Ukitimiza miaka 60, nani wa kukuambia unachostahili?

Katika zahanati na vituo vingi vya afya vya Serikali, Tanzania Bara, utakuta tangazo linaloagiza mzee apishwe ahudumiwe kwanza. Limebandikwa karibu na dirisha la mapokezi, mara nyingine limeshachuja rangi, na watu wanalitii. Vijana husogea, mama mwenye mtoto mgongoni husogea, bibi anapita mbele bila mtu kununa. Adabu hiyo bado tunayo. Mzee wa nchi hii anakwamia mahali pengine: anafika dirishani akiwa wa kwanza, kisha anaambiwa hana karatasi inayotakiwa, karatasi ambayo hakuna aliyewahi kumwambia aitafute.

Nililiona hilo kwa karibu katika zahanati moja ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Bibi mmoja alikuja ameshikwa mkono na mjukuu wake aliyevaa sare za shule ya msingi.

"Shikamoo bibi," binti wa mapokezi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Una kitambulisho cha wazee?"

Bibi alifungua pindo la khanga, akatoa kadi ya mpiga kura. Binti alipotikisa kichwa, akatoa cha NIDA, kimeviringishwa ndani ya nailoni kisilowe.

"Hivi vinaonesha umri tu, bibi. Ninachotaka mimi ni cha msamaha wa matibabu. Kinatoka halmashauri."

"Halmashauri ndiyo wapi, mama?"

Binti yule hakuwa na ubaya wowote. Alimweleza kwa upole kwamba aanzie kwa mtendaji wa mtaa wake, aende na picha za pasipoti, jina lake lipelekwe kata, kisha asubiri. Nyuma yake foleni ilikuwa inarefuka. Bibi alilipa alichotakiwa kulipa, kwa kuwa siku hiyo alikuwa nacho, akatibiwa, akaondoka. Sidhani kama maelezo yale yalifika naye nyumbani. Nani angeyashika, akiwa na homa, kwa kuyasikia mara moja kupitia tundu la kioo?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Wengi wetu tunaishia hapo, tukiamini kwamba siku unapotimiza miaka hiyo matibabu yanakuwa bure. Majukwaani tumeambiwa hivyo mara nyingi: wazee wanatibiwa bure. Masharti yake hayatajwi kwa sauti ileile. Msamaha unamhusu mzee asiyejiweza, na kutojiweza kwake lazima kuthibitishwe. Mtaa au kijiji kimtambue, jina lipite kwa mtendaji wa kata, lifike kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ndipo kitambulisho kitoke. Utaratibu hautofautiani sana kati ya halmashauri moja na nyingine, ingawa zipo zilizochagua kuwakatia wazee wao bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ile ambayo kaya ya watu wasiozidi sita ilikuwa ikilipia shilingi 30,000 kwa mwaka.

Sasa fikiria kinachotokea dirishani. Mstaafu mwenye nyumba ya kupangisha anadai huduma ya bure kwa sababu alimsikia kiongozi redioni, anakasirika akiambiwa hastahili. Mjane asiye na shamba wala mtoto wa kumtumia hela, ambaye ndiye hasa msamaha huo uliwekwa kwa ajili yake, analipa kimyakimya au anabaki nyumbani. Kauli ileile ya majukwaani iliyompa wa kwanza matumaini yasiyo yake imemnyima wa pili maelezo aliyoyahitaji.

Na hata mwenye kitambulisho, safari yake haijaisha. Atamwona daktari bure, atapimwa, halafu dirisha la dawa limwambie dawa hazipo, akanunue nje. Kitambulisho hakina nguvu duka la dawa la mtaani. Hilo ni tatizo la ugavi na bajeti, na linahitaji makala yake. Nalitaja kwa sababu wazee wengi wameacha kukifuatilia kitambulisho wakisema hakina faida, na kwa kufanya hivyo wanapoteza pia kile ambacho kingewafaa: kumwona daktari, vipimo, na dawa siku zinapokuwepo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ndani yake kuna mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Ili mtu alipiwe, lazima kwanza ajulikane kwamba hana uwezo. Tunarudi palepale kwa mtendaji wa mtaa na orodha yake.

Upo msamaha mwingine usiotajwa majukwaani kabisa, na kwa maoni yangu ndio unaoonesha vizuri zaidi jinsi haki inavyopotea bila mtu yeyote kuikataa. Ni wa kodi ya majengo.

Tangu mwaka 2021 kodi hiyo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, ambayo kwa mwaka ni 18,000. Sheria inamsamehe mtu mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Haki hiyo ipo, imeandikwa. Lakini mita ya umeme haijui nani anaishi ndani ya nyumba. Haijui kama mwenye nyumba ana miaka 30 au 80, kama ana mshahara au anaishi kwa kuuza maandazi barazani. Inakata tu. Asiyenunua umeme miezi mitatu, deni linamsubiri. Siku anayonunua wa 5,000, sehemu kubwa ya fedha inaliwa na malimbikizo, naye anadhani TANESCO imempunja uniti.

Ujumbe wa LUKU unapoingia kwenye simu, mzee anatafuta kitu kimoja: zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Mara nyingi hata hazitafuti mwenyewe, anasomewa na mjukuu. Mistari ya makato inayofuata hakuna anayeisoma. Hivyo anaweza kulipa kodi asiyodaiwa kwa miaka, mwezi baada ya mwezi, bila kujua kwamba angeweza kwenda ofisi inayosimamia kodi hiyo na kitambulisho chake, namba ya mita na barua ya serikali ya mtaa, akaomba msamaha wake. Hakunyimwa. Aliyetakiwa kuomba ni yeye, na hakujua kwamba kuna cha kuomba.

Kwa mzee anayepokea pensheni nono, 18,000 kwa mwaka si kitu cha kuandikia gazetini. Kwa asiye na kipato, na ndiye pekee ambaye sheria inamzungumzia hapa, ni fedha ya dawa za presha.

Nimezungumza na wazee kadhaa juu ya jambo hili, na kuna kauli inayojirudia: sitaki kuonekana ombaomba. Mzee wa Kiswahili amelelewa akijua kwamba kwake ndiko watu huja kuomba ushauri, radhi na baraka. Kumwambia apange foleni ofisini akathibitishe kwamba hajiwezi, mbele ya kijana aliyemjua akitambaa, ni kumvua nguo. Ndiyo maana lugha ya ofisi ina uzito. Afisa anayesema "tutakusaidia, mzee" anamaanisha wema, lakini anaacha picha kwamba msamaha ni hisani yake. Anayesema "hii ni haki yako, mzee wangu, tulitakiwa tuwe tumeshakupa" anamrudishia mtu heshima yake.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee. Ibara hiyo iko katika sehemu ambayo Katiba yenyewe, kwenye Ibara ya 7, inasema haiwezi kusimamiwa mahakamani. Ibara ya 18 haina kizuizi hicho: inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Nayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazitaka ofisi za umma zimjibu mwananchi ndani ya siku 30. Tumezoea kuiona sheria hiyo kama mali ya waandishi wa habari. Ni ya bibi wa zahanati pia. Anaweza kuandikiwa barua na mjukuu wake kwenda halmashauri kuuliza: je, jina langu limo katika orodha ya wazee wenye msamaha, na kama halimo, kwa nini?

Zanzibar walichagua njia nyingine. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Haijalishi uliwahi kuajiriwa au ulikuwa mvuvi, una mtoto Ulaya au huna mtoto. Mwaka 2020 Baraza la Wawakilishi likatunga pia sheria mahususi ya wazee, wakati Bara kilio cha wazee kutaka sheria yao kimedumu kwa miaka mingi, kikijibiwa kwa sera.

Fedha hiyo si nyingi, na wenyewe Unguja na Pemba wanasema hivyo. Ninachokipenda ni wepesi wa kanuni yake. Miaka 70, basi. Kanuni ya namna hiyo haihitaji kijitabu wala semina. Inatembea yenyewe kutoka baraza moja la kahawa hadi jingine, na sheha akisahau kumwandikisha mtu, majirani wanamkumbusha, kwa sababu kila mmoja anajua nani ana umri gani mtaani. Kanuni ya Bara, ya "asiyejiweza", haiwezi kutembea hivyo. Nani ajitangaze kwa jirani kuwa hajiwezi? Inabidi ipite kwenye kamati, na penye kamati kuna anayejulikana na asiyejulikana.

Kenya nao wana somo lao, lenye utamu na uchungu wake. Katiba ya mwaka 2010 ina Ibara ya 57 inayowahusu wazee peke yao: kushiriki katika mambo ya jamii, kuishi kwa hadhi bila kudhulumiwa, kutunzwa na familia na serikali. Kuanzia mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa umfikie kila mwenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kanuni nyepesi, kama ya Zanzibar. Lakini uandikishaji ulifanyika mwaka 2017, kisha mlango ukafungwa. Waliotimiza miaka 70 baada ya hapo walisubiri kwa miaka kadhaa, wakienda kwa chifu na kurudi, wakiambiwa orodha mpya bado. Mtu anajua haki yake barabara na bado hana pa kuidai. Kwa hiyo taarifa ninayoizungumzia haiishii kwenye kujua kwamba msamaha upo. Mzee anatakiwa ajue daftari linafunguliwa lini, nani analishika, na akikataliwa aende kwa nani.

Wastaafu wenye pensheni nao wana kero zao za taarifa, ingawa kwao mambo yana afadhali. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Bado utakutana na mzee mkoani mwenye faili la PSPF, anayetafuta ofisi iliyobadilishwa jina miaka hiyo yote. Halafu kuna uhakiki. Mstaafu anatakiwa athibitishe kwamba yu hai, la sivyo malipo yanasimamishwa. Siku hizi anaweza kufanya hivyo kwa simu janja, akipiga picha ya uso wake, na hilo limeokoa nauli na magoti ya wengi. Asiye na simu janja na asiyesikia tangazo anagundua mwisho wa mwezi, akiwa benki, kwamba akaunti haijaingizwa kitu.

Pengo hilo la taarifa ndilo shamba la matapeli. Wanapiga simu, wanamwita mzee kwa jina lake, wanamwambia faili lake limekwama na linafunguliwa kwa kutuma kiasi fulani. Mzee aliyezoea kuona haki yake ikicheleweshwa haoni ajabu kuambiwa kuna kikwazo kingine. Mifuko imekuwa ikitoa tahadhari mara kwa mara. Tahadhari peke yake haitoshi iwapo mzee hana namba anayoiamini ya kuuliza.

Na wengi hawana pensheni yoyote. Waliolima, waliovua, waliochuuza, waliolea watoto wa wengine kwa ujira usio na mkataba, hakuna mfuko uliowahi kuandika majina yao. Hao ndio sera inawalenga, na hao ndio walio mbali zaidi na ofisi zenye majibu. Watoto wa shule wana nauli yao inayopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kila kondakta anaijua. Mzee hana nauli yake. Akitaka kufuatilia haki yake mjini, analipa kama mfanyabiashara anayekwenda Kariakoo kufunga mzigo.

Hapa ndipo nina hoja ninayotaka wahusika waisikie. Serikali inajua lini kila mmoja wetu anatimiza miaka 60. NIDA wana tarehe ya kuzaliwa ya kila aliyesajiliwa. Namba za simu zetu zimefungwa kwenye tarehe hizo tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ukomo wake ulikuwa Januari 2020, na wasiojisajili walizimiwa. Tulipanga foleni, tukaweka vidole, wazee wakiwemo, wengine vidole vyao vimesagika kwa jembe hadi mashine ikavikataa. Taarifa hizo zimetumika kutudai na kututambua. Zinaweza kutumika kutujulisha. Ujumbe mfupi wa Kiswahili, siku mtu anapotimiza miaka 60: unaweza kustahili msamaha wa matibabu na wa kodi ya nyumba unayoishi, masharti ni haya, anzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji chako. Kampuni za simu hututumia ujumbe wa bahati nasibu kila siku bila kukosea namba. Kazi hii haiwezi kushinda uwezo wa Serikali inayokusanya kodi kwa mita ya umeme.

Wapo watakaosema wazee wengi hawasomi ujumbe wa simu, na ni kweli kwa wengi wao. Hao wana redio. Wana matangazo baada ya sala ya Ijumaa na baada ya misa ya Jumapili. Wana misiba, ambako kijiji kizima hukaa pamoja. Wana Mabaraza ya Wazee, ambayo yameundwa kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji hadi taifa, na ambayo katika sehemu nyingi hukumbukwa inapokaribia Oktoba Mosi, Siku ya Wazee Duniani, yakapewa fulana na soda. Baraza la mtaa likipewa orodha ya waliopata msamaha na waliokataliwa, pamoja na sababu zake, litafanya kazi ambayo mabango hayajaifanya. Wazee wanajuana. Wanajua nani anajidai masikini na nani anaficha njaa yake.

Wakati tunasubiri hayo, wenye wazazi na walezi tusikae. Mpigie baba, mpigie bibi kijijini, umuulize kama ana kitambulisho cha matibabu na kama amewahi kuitwa na mtendaji kuandikishwa. Omba akutumie ujumbe wa mwisho wa LUKU, usome makato. Ukienda likizo, tenga asubuhi moja ya siku ya kazi uende naye ofisi ya kata, wewe ukisikiliza na kuandika majina ya wahusika, yeye akizungumza mwenyewe, kwa sababu shida ni yake na heshima ni yake. Kama mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana kwa habari ya nzige au ya njaa tu, anzeni na kiapo cha kuzaliwa na NIDA, maana bila umri ulioandikwa milango yote hii imefungwa. Akikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Kuna wasaidizi wa kisheria katika wilaya nyingi, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure.

Na kitambulisho cha msamaha wa matibabu hakiuzwi. Mtu yeyote anayemdai mzee fedha ili amwandike kwenye orodha, awe kishoka wa nje ya geti au mtumishi wa ndani, atajwe kwa mkurugenzi wa halmashauri siku hiyohiyo.